Kelele za Shokomzoba katika Magari ya Fahari ya Zamani

Mwaka 1958 lilichapishwa nchini Marekani tangazo la biashara ambalo watu wa kazi hiyo wanalikumbuka hadi leo. Mwandishi wake, David Ogilvy, alilisifu gari la Rolls-Royce kwa kudai kwamba linapokwenda maili 60 kwa saa, yaani karibu kilometa 97, sauti kubwa kuliko zote ndani yake hutoka katika saa yake ya umeme. Tangazo la biashara halikosi mapambo, lakini hili lilikuwa na ukweli ndani yake. Gari la Silver Cloud, lililotengenezwa mjini Crewe, Uingereza, kuanzia 1955 hadi 1966, lilikuwa na utulivu ambao magari machache ya wakati ule yaliweza kuufikia. Utulivu huo ndio unaomletea taabu mtu anayelitunza gari hilo leo. Mgongano mdogo wa chuma na chuma chini ya sakafu, ambao katika lori ungemezwa na ngurumo ya injini, humo ndani husikika wazi kama mtu abishaye hodi.

Gari la zamani likianza kugonga hivyo, lawama ya kwanza huangukia shokomzoba, ambayo mafundi wetu huiita kwa kifupi shokapu. Aghalabu lawama hiyo hutolewa bila ushahidi. Shokomzoba iliyokwisha kabisa yaweza kuwa kimya, na iliyo nzima yaweza kugonga kwa sababu tu bushi ya mpira inayoishikilia imechakaa. Fundi anayehukumu kwa sikio peke yake yumo katika hatari mbili kwa pamoja: atang'oa na kutupa chombo kizuri ambacho kiwanda kimeacha kukitengeneza, na ataliacha barabarani gari la tani mbili ambalo gurudumu lake mojawapo halishikamani sawasawa na ardhi. Makala haya yanaeleza jinsi sayansi ya mitikisiko inavyosaidia kuyatenganisha mambo hayo mawili, yaani sauti na ubovu.

Kazi ya shokomzoba

Jina lenyewe linapotosha. Maana yake katika Kiingereza ni chombo kinachomeza mshtuko, kumbe mshtuko wa barabara humezwa kwanza na tairi na springi. Kazi ya shokomzoba huanza baadaye, nayo ni kuifisha mitikisiko ambayo springi ikishaianza haiwezi kuimaliza yenyewe upesi.

Na tuchukue mfano wa hesabu. Gari la tani mbili, likigawanywa kwa magurudumu manne, huweka karibu kilogramu 500 juu ya kila springi. Ikiwa springi hiyo ina ugumu wa niutoni 24,500 kwa kila mita, uzito wa gari utaibonyeza kwa sentimita 20. Idadi ya mitikisiko kwa sekunde, yaani marudio, hupatikana kwa kugawanya ugumu kwa tungamo, kutafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha kugawanya kwa 6.28. Hapa 24,500 kwa 500 ni 49, na kipeuo chake cha pili ni 7. Kwa hiyo marudio ni 1.1 kwa sekunde, na kila mtikisiko mmoja huchukua muda wa karibu sekunde 0.9. Mwendo wa namna hiyo haumchoshi binadamu, kwa kuwa unakaribiana na mwendo wa mwili wake anapotembea. Wahandisi wa magari ya fahari waliutafuta kwa makusudi.

Lakini springi laini isiyo na kizuizi ni kama bembea. Likipita juu ya tuta, gari litaendelea kupanda na kushuka. Shokomzoba huweka kani inayopinga mwendo: pistoni husukuma mafuta kupitia vitundu na vali nyembamba, na kadiri mwendo unavyokuwa wa kasi ndivyo upinzani unavyokuwa mkubwa. Katika magari mengi upinzani wakati shokomzoba inarefuka ni mara mbili au zaidi ya ule wa wakati inafupika, ili gurudumu liweze kupanda upesi juu ya kikwazo bila kulisukuma gari lote.

Ikiwa upinzani ni robo ya ule ambao ungezuia kabisa mtikisiko kujirudia, gari lililobonyezwa sentimita 10 litabakiwa na sentimita 2 tu baada ya mtikisiko mmoja mzima. Upinzani huo ukishuka hadi moja ya tano ya ulivyokuwa, sentimita 10 zitakuwa 7.3, halafu 5.3, halafu 3.9. Tofauti hiyo huonekana kwa macho, wala haihitaji chombo chochote.

Nishati iliyokuwa katika mtikisiko haipotei. Springi ya mfano huu ikisogezwa sentimita 10 kutoka mahali pake pa utulivu huongeza nishati ya jouli 122 hivi, nayo yote hugeuka kuwa joto ndani ya mafuta. Kama shokomzoba ina theluthi moja ya lita ya mafuta, joto la mafuta hayo litapanda kwa karibu robo ya digrii. Ni kidogo; lakini barabara ya vumbi yenye mawimbi hupiga mamia ya mapigo kabla ya kufika kijiji cha pili.

Hapa mwalimu anaweza kufanya jaribio rahisi darasani. Atundike uzito kwenye springi, auvute chini na kuuachia, na wanafunzi wahesabu mitikisiko hadi kimo chake kibaki nusu. Kisha uzito uleule utikisike ukiwa umezama katika maji, na mwishowe katika mafuta mazito ya injini. Idadi itapungua sana, ingawa muda wa kila mtikisiko hautabadilika kwa kiasi kikubwa isipokuwa pale mafuta yanapokuwa mazito mno. Jaribio la pili hutumia bomba la sindano lisilo na sindano, likiwa limejazwa mafuta ya kupikia. Likisukumwa polepole halipingi. Likisukumwa kwa haraka hupinga kwa nguvu. Halafu liingizwe povu la hewa. Sasa likisukumwa kwa ghafla kishikio husogea bure kwanza, ndipo mafuta yaanze kutoka. Mwanafunzi aliyeuhisi mwendo huo wa bure kwa kidole chake ameshafahamu nusu ya ugonjwa unaoelezwa katika makala haya.

Asili ya mgongo

Kugonga huhitaji nafasi. Vipande viwili vikiwa vimebanana, vitatikisika pamoja bila sauti. Vikiwa na nafasi ya hata milimita moja, kimoja hupata mwendo ndani ya nafasi hiyo, kisha husimamishwa na kingine kwa muda mfupi sana. Kani ni badiliko la mwendo likigawanywa kwa muda. Muda ukiwa mfupi mno, kani huwa kubwa, na chuma hulia. Nafasi hiyo yaweza kuwa ndani ya shokomzoba, ambapo hewa imeingia mahali pa mafuta. Lakini yaweza pia kuwa katika bushi, katika nati iliyolegea, katika bolijointi, katika kishikizo cha bomba la moshi, au hata katika jeki ya gari iliyoachwa bila kufungwa ndani ya buti. Hili la mwisho si mzaha. Mafundi wazoefu huanza kwa kumwaga kila kitu kilichomo katika buti.

Sauti nayo ni shahidi msafiri. Hewani huenda karibu mita 340 kwa sekunde, na katika chuma cha pua na cha kawaida huenda kiasi cha mita 5,000. Fremu nzito ya Silver Cloud huichukua sauti ya gurudumu la nyuma na kuileta chini ya miguu ya dereva kabla sikio halijaweza kupambanua ilikotoka. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuuliza sauti hutokea lini kuliko kuuliza hutokea wapi. Mgongo mwepesi kwenye vishimo vidogo, gari likienda polepole, huelekeza kwenye bushi na viungo. Kishindo kimoja kizito gurudumu linapoangukia shimoni huonyesha kwamba shokomzoba imevutwa hadi mwisho wa urefu wake, au mpira wa kuzuia mgongano umekatika. Sauti kama ya maji yanayosukutuliwa ni ya mafuta yaliyochanganyika na hewa. Mlio kama wa bawaba kavu ni wa mpira au wa mabamba ya springi yanayosuguana; bushi inayoshukiwa ikimwagiwa maji kidogo na mlio ukanyamaza kwa muda, mwenye kosa amepatikana. Mafuta ya injini yasitumiwe kwa jaribio hilo, maana huozesha mpira.

Jaribio la kubonyeza na mipaka yake

Jaribio linalojulikana na kila mtu ni kubonyeza kona ya gari mara tatu kwa kufuata mwendo wake, kisha kuiachia. Gari jema hupanda, hupita kidogo mahali pake, hurudi na kutulia. Likiendelea kucheza mara tatu au nne, shokomzoba ya kona hiyo imekwisha. Jaribio hili ni zuri kwa kumtia hatiani aliye mbovu kabisa, lakini halifai kumwachilia huru anayeshukiwa. Mkono wa mtu husogeza gari kwa kasi ya sentimita 20 au 30 kwa sekunde, na gurudumu linapopiga ukingo wa shimo husogea kwa kasi ya mita nzima kwa sekunde au zaidi. Vali zinazofanya kazi katika kasi hiyo kubwa hazijaguswa na jaribio la mkono. Tena, springi za mabamba huwa na msuguano wao wenyewe, na mabamba yenye kutu yaweza kulituliza gari hata kama shokomzoba haina tone la mafuta.

Jaribio la joto hukamilisha palipopungua. Gari liendeshwe kilometa kadhaa katika barabara mbovu, kisha shokomzoba zote ziguswe kwa nyuma ya mkono mara tu gari linaposimama, kwa uangalifu kwa sababu bomba la moshi na breki huwa za moto sana. Shokomzoba iliyofanya kazi ina uvuguvugu. Iliyo baridi wakati mwenzake wa upande wa pili ana joto haikugeuza nishati yoyote. Ilipanda gari kama abiria.

Silver Cloud

Gari hili halina shokomzoba za bomba zilizozoeleka leo. Zake ni za mkono: sanduku la chuma lililofungwa kwenye fremu, lenye pistoni na mafuta ndani, na mkono unaotoka nje kufuata mwendo wa gurudumu. Mtindo huo haukuwa wa matajiri peke yao. Morris Minor, gari dogo lililoanza kuuzwa 1948 na kujulikana sana katika barabara za Afrika Mashariki, lilikuwa nazo pia, na mbele mkono wa shokomzoba ndio uliokuwa mkono wa juu wa kushikilia gurudumu. Popote penye mpango wa namna hiyo, bolti za sanduku zikilegea sauti ndiyo hasara ndogo. Kinacholegea ni gurudumu lenyewe. Fundi huanza kwa spana, sio kwa mafuta.

Ubora wa aina hii ni kwamba hujazwa. Eneo la kizibo husafishwa kwa brashi hadi ling'are, kwa sababu chembe moja ya mchanga ikianguka ndani itakwamisha vali. Kisha mafuta ya mnato uliotajwa na kiwanda hutiwa, na mkono husogezwa polepole juu na chini mara kadhaa ili hewa itoke, halafu huongezwa tena. Mafuta mazito zaidi yanayotiwa kwa tamaa ya kuficha udhaifu wa vali hufanya gari kuwa gumu asubuhi yenye baridi na kuwa lilelile mafuta yakishapata joto.

Shokomzoba za nyuma hupimwa kwa jaribio la kutenga. Kiungo kati ya mkono na ekseli hufunguliwa, na mkono husogezwa kwa nguvu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Upinzani unatakiwa uwe wa mfululizo. Pakiwa na mahali ambapo mkono unakwenda bure, hasa pale unapogeuza mwelekeo, pana hewa ndani au vali haifungi. Kiungo kikiwa bado kimefunguliwa, gari husukumwa kwa mikono juu ya ubao mnene uliolazwa uani. Kama mgongo unasikika bado, shokomzoba haina hatia, nao uchunguzi uhamie kwenye bushi za springi. Jaribio hili lisifanywe mbele mahali ambapo shokomzoba ndiyo mkono wa juu. Hapo hakuna cha kufungua mpaka mkono wa chini uwe umebebwa na jeki, la sivyo springi itafyatuka. Springi ya mfano wa hapo juu, ikiwa imebonyezwa sentimita 20, ina jouli 490, sawasawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 unaoanguka kutoka kimo cha mita moja.

Silver Cloud ina jambo moja zaidi la kuvutia. Kwenye shina la usukani pana swichi inayoziamuru kwa umeme shokomzoba za nyuma kuwa laini au ngumu. Swichi ikisogezwa, mtu aliyeinama nyuma anatakiwa asikie mlio mdogo kutoka kila sanduku, na kona ya gari ikibonyezwa iwe ngumu kidogo kuliko kwanza. Upande mmoja ukinyamaza, taa ya majaribio ya volti 12 itaonyesha kama umeme unafika. Mara nyingi kasoro ni waya uliooza.

Jaguar

Jaguar XJ6, iliyotolewa 1968, ni kesi ya namna nyingine. Nyuma ina shokomzoba nne za bomba, mbili kwa kila gurudumu, kila moja ikiwa ndani ya springi yake. Jaribio la kubonyeza hapo hudanganya vibaya: mmoja katika jozi akifa, mwenzake huendelea kulituliza gari kiasi cha kumridhisha mtazamaji. Kuzitoa kunahitaji chombo cha kubana springi, na yaliyosemwa juu ya jouli 490 yasisahauliwe. Aidha mfumo mzima wa nyuma umo katika kizimba cha chuma kinachoning'inia kwenye bodi kwa vishikizo vinne vya mpira. Mpira ukiachana na chuma chake, kizimba hugonga gari linapoondoka na linapofunga breki. Shafti za magurudumu nazo zimepewa kazi mbili, kuzungusha gurudumu na kulishikilia kwa juu, hivyo viungo vyake vikilegea hutoa mgongo unaofanana mno na wa shokomzoba. Kanuni ya kuzitofautisha ni nyepesi. Kinachogonga kwa kubadilika kwa mvuto wa injini hakihusiani na shokomzoba. Shokomzoba hujibu mashimo, haijibu mguu wa dereva.

Shokomzoba ya bomba ikishatolewa hubanwa wima kwenye jiliwa, nayo huvutwa na kusukumwa mwendo mzima mara sita au zaidi kabla ya kuhukumiwa. Zile zenye silinda mbili, moja ndani ya nyingine, hupitisha hewa katika chumba cha kazi zikilazwa. Mpya iliyolala rafuni mwaka mzima itagonga na kuteleza bure mara za kwanza, na wapo walioirudisha dukani bila sababu. Unyevu mwembamba kuzunguka rodi si ubovu. Mafuta yanayotiririka ni ubovu. Zile za gesi zina shinikizo kubwa kuliko lile la hewa ya kawaida. Hizo hazikatwi wala hazitobolewi ili kuridhisha udadisi wa darasa.

Wakati wa kurudisha, bushi za mpira zilizogandishwa kwenye chuma zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa wakati magurudumu yananing'inia, mpira hubaki umesokotwa siku zote, hulia, kisha huchanika, na baada ya miezi michache mgongo hurudi palepale.

Zoezi

Springi ya gurudumu moja inabeba kilogramu 450, na ugumu wake ni niutoni 28,800 kwa mita. Gari lilibonyezwa sentimita 8 kila upande. Upande wa kulia, ambao dereva analalamika kwamba unagonga, kimo cha mtikisiko kilikuwa 8, kisha 1.5. Upande wa kushoto, ulio kimya, kilikuwa 8, 6, kisha 4.5. Tafuta marudio ya mtikisiko (jibu ni karibu 1.27 kwa sekunde) na kimo cha mtikisiko unaofuata upande wa kushoto. Halafu eleza ni shokomzoba ipi itolewe, na ni vipande gani vichunguzwe upande wa kulia kabla ya kufungua chochote.